Mraba, Nukta na Anga: Maisha na Uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga (1932–1972)

Ikisiri

Makala haya yanasimulia maisha ya Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Kitanzania ambaye hakupitia shule yoyote ya sanaa, na yanachunguza mpangilio wa michoro yake. Hoja yetu ni kwamba umbo la mraba, rangi moja ya usuli na nukta zilizopangwa ni matokeo ya fikra iliyokomazwa na kazi. Aidha, tunaonyesha kwamba mazoea ya kumwita msanii asiye na elimu yamechangia kulitenga jina lake na mtu aliyekuwa nalo.

1.0 Utangulizi

Jina la Tingatinga linajulikana na watu wengi kuliko maisha ya mtu mwenyewe. Katika maduka ya vinyago na picha ya Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha na Nairobi, neno hilo hutumika kutaja aina ya mchoro: picha yenye rangi kali zinazong'aa, yenye wanyama wa porini, na iliyojaa nukta. Wanunuzi wengi hawajui kwamba ni jina la mtu. Hata katika Kiswahili cha kila siku neno tingatinga huwaelekeza wasemaji kwanza kwenye mtambo wa kulimia au kusawazishia barabara. Hivyo mtu huyu amefunikwa mara mbili, na bidhaa na mashine.

Wahakiki walioandika juu yake wamemweka katika kundi la wasanii waliojifunza wenyewe. Istilahi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ina hatari pia. Mara nyingi hutumika kana kwamba msanii asiyepita darasani huchora kwa silika tu, kama mtoto, na kwamba fani ya kazi yake haina haja ya kuchunguzwa. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumekwisha kuikataa dhana ya namna hiyo. Hakuna anayethubutu leo kusema kwamba manju au malenga asiyejua kusoma hana kanuni za utunzi. Makala haya yanakusudia kumtendea mchoraji haki hiyohiyo anayotendewa malenga.

Tutaanza na maisha yake, kisha tutachambua fani ya michoro yake kwa kuzingatia mambo matatu: mraba, nukta na anga. Baadaye tutagusia mjadala kuhusu asili ya uchoraji huu, na mwisho tutaeleza yaliyofuata baada ya kifo chake.

2.0 Maisha yake

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho baadaye kiliitwa Mindu, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Majina yake mawili ya kwanza, moja la Kikristo na moja la Kiislamu, yanadokeza hali ya eneo hilo, ambako dini, makabila na lugha zimeishi kwa kuchanganyikana. Tunduru ni nchi ya Wayao, Wamakua, Wangindo na Wamakonde, na iko karibu na Mto Ruvuma. Katika miaka ya ukoloni ilikuwa mbali na reli na mbali na miji mikubwa, na kijana aliyetaka fedha taslimu hakuwa na njia nyingi zaidi ya kusafiri.

Katikati ya miaka ya 1950 Tingatinga alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Safari hiyo ilikuwa ya maelfu ya vijana wa kusini. Walioajiriwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa mfanyakazi alitambulika kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Mashamba hayo yalikuwa ulimwengu wa mistari iliyonyooka: mkonge ulipandwa kwa safu, majani yalihesabiwa na kufungwa mafungu, na kazi ya siku ilipimwa. Hatudai kwamba safu za mkonge ndizo zilizomfundisha kuchora. Tunachosema ni kwamba kabla ya kushika brashi alikuwa amekwisha kuishi maisha ya kazi yenye vipimo, na kwamba yeye, kama wengi wa rika lake, aliujua mji na mshahara akiwa mtu mzima.

Kutoka Tanga alihamia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za nyumbani na bustani kwa ofisa wa Kiingereza hadi karibu na uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961. Ofisa aliporejea kwao, kazi nayo ikaisha. Uhuru ulileta heshima na matumaini, ila kwa watumishi wa nyumba za Wazungu uliwaletea pia swali la riziki. Katika miaka iliyofuata Tingatinga aliishi kwa vibarua vya mjini na biashara ndogondogo.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na wageni wengi, wakiwemo wataalamu na wafanyakazi wa misaada kutoka nchi za Skandinavia, waliokaa nchini kwa miaka michache na kupenda kurudi kwao na kumbukumbu. Wachongaji wa Kimakonde walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kazi ya mikono ya mtu wa kusini ingeweza kupata soko mjini. Aidha, michoro ya wachoraji kutoka Kongo ilikuwa ikiuzwa mitaani. Tingatinga aliiona biashara hiyo na kuingia humo kwa namna yake.

Mahali pake pa kazi palikuwa Oysterbay, karibu na duka lililojulikana kwa jina la Morogoro Stores. Chini ya mbuyu uliokuwa hapo alichora na kuuza. Wateja waliofika dukani kununua chakula walimkuta na picha zake. Mafanikio yalikuja polepole, na hakutegemea picha peke yake, kwani aliajiriwa pia katika hospitali ya Muhimbili kama mhudumu. Alioa, akapata watoto. Kadiri wateja walivyoongezeka, aliwakaribisha vijana, baadhi yao wakiwa ndugu na watu wa kwao, wamsaidie na wajifunze. Miongoni mwao walikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Matambwe, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata.

Uhai wake wa kisanaa ulidumu takriban miaka minne. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi jijini Dar es Salaam wakimdhania kuwa mhalifu aliyekuwa akitoroka, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40.

3.0 Ubao, rangi na mraba

Mchambuzi wa ushairi huanza na bahari ya shairi kabla ya kuingia katika maudhui. Kwa mchoraji huyu, bahari yake ni ubao. Tingatinga hakutumia turubai. Alichora kwenye hadibodi, yaani mbao nyembamba zilizotengenezwa kiwandani kwa unga wa mti ulioshindiliwa, ambazo mafundi wa ujenzi walizitumia kwa dari na milango. Rangi zake zilikuwa rangi za mafuta zinazong'aa, zilezile zilizopakwa kwenye baiskeli na vyombo vya chuma. Vitu hivi vyote viwili vilipatikana katika maduka ya vifaa, kwa bei ambayo mtu wa kipato chake aliweza kuimudu.

Vipimo vya ubao vinastahili kuzingatiwa. Ubao mzima wa kiwandani huwa na futi 4 kwa futi 8. Ukikatwa kwa vipande vya futi 2 kwa futi 2, hutoa miraba 8 bila mabaki. Mraba wa futi 2, yaani sentimita 60 hivi kila upande, ndio uliokuja kuwa kipimo kinachotambulika cha michoro ya awali ya mkondo huu. Kipimo hicho kiliokoa mbao, nacho kilibebeka kwa mkono na kuingia katika mzigo wa msafiri. Hapa uchumi wa kazi na fani ya kazi vilikutana.

Hata hivyo, mraba ukishachaguliwa huweka masharti yake. Ubao mrefu wa kulala humwalika mchoraji kuonyesha mandhari: uwanda, milima, safari ya watu. Ubao wa kusimama humwalika kuchora sura ya mtu. Mraba hauna upande uliozidi mwingine, na kwa hiyo humvuta mchoraji kuelekea kitovu. Tingatinga aliuitikia wito huo. Katika michoro yake mingi inayojulikana, mnyama mmoja, kama vile simba, chui, tembo au nyati, au ndege, amewekwa katikati na kuujaza ubao karibu hadi kwenye kingo. Mgongo hupindishwa, mkia huzungushwa, na shingo hurefushwa au kufupishwa ili kiwiliwili kikae vizuri ndani ya pande nne. Wale wanaosema kwamba hakujua maumbile ya wanyama wamekosa kuona kwamba mnyama huyo anatii kanuni nyingine, ile ya mraba. Ni sawa na mtunzi anayefupisha neno ili mizani itimie. Hatumwiti mtunzi huyo asiyejua lugha, bali twasema ametumia uhuru wa kishairi.

Nukta nazo zinahitaji maelezo ya kifundi. Rangi ya mafuta ya kung'aa hukauka taratibu na hufunika kabisa kilicho chini yake. Haichanganyiki kwa urahisi juu ya ubao ili kutoa kivuli laini kama inavyowezekana kwa rangi za wachoraji wa shuleni. Mchoraji hulazimika kwenda kwa tabaka: kwanza usuli, aungoje ukauke, kisha umbo, aungoje, mwisho alama za juu. Kwa kuwa kivuli kilikuwa kigumu kupatikana, uzito na uhai wa mwili uliletwa kwa nukta na mistari iliyorudiwarudiwa. Madoa ya chui, ambayo kwa asili yametapakaa bila mpango, katika ubao huwa safu za duara zinazofuata mzingo wa mwili. Jicho la mtazamaji huona ngozi, na wakati huohuo huona hesabu. Mbinu hii ya kurudia alama moja hadi izae mdundo inafanana na takriri katika ushairi na katika ngoma, na tunaiona kuwa nguzo ya fani yake.

4.0 Anga lisilo na upeo

Suala la anga halijapewa uzito linaostahili. Katika mchoro wa kawaida wa mandhari, mstari wa upeo hugawa ubao mara mbili: chini ardhi, juu mbingu. Mgawanyo huo humweleza mtazamaji mahali aliposimama, saa za siku na hali ya hewa.

Tuchukue mfano wa Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, akaendelea na masomo katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, na baada ya uhuru akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Mchoro wake wa mwaka 1956, uliomo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York, unaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Usiku katika mchoro huo ni sehemu ya kisa. Watu wana kijiji, wana njia na wana wakati.

Tingatinga alikwenda njia tofauti. Kwa kawaida alipaka ubao mzima rangi moja, na juu ya rangi hiyo akamweka mnyama, pengine na mmea au matawi machache. Rangi ya usuli haisemi kama ni ardhi au mbingu. Ndege hupaa ndani yake na nyati husimama ndani yake, wote katika hali moja. Mnyama hana kivuli kinachoanguka chini, kwa hiyo jua halina upande linakotokea. Hakuna asubuhi wala jioni. Tunaweza kusema kwamba usuli huu ni anga lililoshuka likawa ardhi, au ardhi iliyopanda ikawa anga, na kwamba viumbe wameelea humo kama nyota zinavyoelea katika giza.

Ufafanuzi huu usichukuliwe kuwa tunamvisha falsafa asiyokuwa nayo. Inatosha kuutazama ubao wenyewe. Mchoraji aliyepaka rangi moja kwa sababu ya haraka tu angeweza kuongeza mstari wa upeo kwa dakika moja. Kutoongeza, mara kwa mara, katika mchoro baada ya mchoro, ni uamuzi. Na matokeo ya uamuzi huo ni kwamba mnyama ameondolewa katika simulizi la uwindaji au utalii, akawa alama. Katika lugha ya uhakiki, maudhui yamebebwa na ukosefu wa mandhari.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatokana na wafuasi wake. Katika miongo iliyofuata, wachoraji wa mkondo huu walirudisha upeo. Mlima Kilimanjaro na theluji yake ulionekana nyuma ya twiga. Jua la machweo, vijiji, masoko, hospitali na mashetani vikajaza ubao. Baadhi ya kazi hizo ni nzuri sana, na zimepanua uwezo wa mkondo kusimulia visa. Lakini zikilinganishwa na ubao wa mwanzilishi, tofauti huonekana mara moja. Kwao anga ni mahali ambapo jambo linatukia. Kwake, anga na mnyama vilikuwa jambo lote.

5.0 Ukuta na ubao: mjadala wa asili

Watafiti wametofautiana juu ya chimbuko la uchoraji huu. Wapo wanaosisitiza soko la Dar es Salaam na athari ya picha za Kikongo. Wapo wengine waliozitafuta asili zake kusini, katika desturi ya kupamba kuta za nyumba kwa picha za wanyama na watu. Mjadala huu unahusu zaidi ya mtu mmoja, maana unauliza ni wapi mtu hujifunza kuchora pasipokuwa na shule.

Mfano wa Usukuma unaweza kutusaidia. Msomaji anayetoka Ngulyati, wilayani Bariadi, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 limo ndani ya Mkoa wa Simiyu, yuko mbali sana na Tunduru. Hata hivyo, swali linamhusu, kwani Wasukuma walikuwa na uchoraji wao wa ukutani. Chama cha wacheza nyoka kilichoitwa Buyeye kilikuwa na desturi ya kuchora nyoka, watu na alama za chama katika kuta za ndani. Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika akichunguza mila na sheria za wenyeji, aliichunguza michoro hiyo na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1953. Picha hizo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa mali ya chama, na aliyetaka kuzielewa alipaswa kwanza kuingizwa katika chama.

Mchoraji wa Buyeye hakwenda shule, lakini hatuwezi kusema alijifunza mwenyewe. Alifundishwa na chama chake, kwa utaratibu uliokuwa na masharti, ngazi na siri. Kumbe basi istilahi ya kujifunza mwenyewe hutueleza jambo moja tu, kwamba mafunzo hayakutolewa na taasisi inayotambuliwa na mwandishi. Haituelezi kama mafunzo yalikuwapo au la.

Tukirudi kwa Tingatinga, tunamwona akisimama katikati ya hali hizo mbili. Alitoka katika nchi ambako kuta ziliweza kupambwa na mbao ziliweza kuchongwa, akaingia katika mji ambako picha ilikuwa bidhaa. Kutoka ukutani hadi ubaoni ni hatua kubwa. Ukuta hukaa mahali pake, na mtazamaji ni mwenyeji anayejua maana. Ubao husafiri, na mtazamaji ni mgeni. Picha inayomwendea mgeni lazima ijieleze yenyewe bila mkalimani. Tunaona kwamba usahili wa mpangilio wake, yaani mraba mmoja, kiumbe mmoja na usuli mmoja, ulikuwa jibu kwa tatizo hilo.

Zaidi ya hayo, chini ya ule mbuyu aliunda kile ambacho yeye hakukipata. Vijana waliketi karibu naye, wakapaka usuli, wakajaza nukta, wakapewa nafasi ya kuchora umbo. Hiyo ilikuwa shule, ingawa haikuwa na cheti.

6.0 Baada ya kifo

Kifo cha ghafla cha bwana wa karakana mara nyingi huimaliza karakana. Hapa haikuwa hivyo. Wanafunzi wake waliendelea kuchora na kuuza pamoja, wakawaingiza wengine, na mwaka 1990 wachoraji waliandikisha Chama cha Ushirika cha Sanaa za Tingatinga. Simon Mpata alihamia Kenya na kuupeleka mkondo huo huko. Baadaye mtindo huu ulivuka bahari, na mwaka 2010 mfululizo wa katuni za watoto uliotengenezwa Nairobi kwa ajili ya televisheni ya Uingereza ulitumia jina lake na sura ya michoro hiyo.

Ustawi huo una upande wa pili. Jina la mtu likawa jina la mtindo, na jina la mtindo likawa jina la bidhaa. Kazi zake za miaka minne ni chache, na zile halisi hutafutwa na wakusanyaji wa ng'ambo, jambo ambalo limezaa picha za kughushi zenye sahihi yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilitungwa mwaka 1999, miaka 27 baada ya kifo chake. Tena, sheria za namna hii hulinda kazi mahususi, hazilindi mtindo. Aliyeuanzisha mtindo hakuacha chombo cha kisheria cha kuulinda, na yeyote mwenye ubao na rangi anaweza kuuita mchoro wake tingatinga.

Kwa maoni yetu, wahakiki wana sehemu yao ya lawama. Tuliposema kwamba michoro hii ni ya kitoto, ya kimaumbile, isiyo na mtunzi mwenye fikra, tulirahisisha kazi ya kuifanya mali isiyo na mwenyewe. Kazi isiyo na fikra haihitaji mwandishi. Ntiro hakupatwa na hali hiyo, kwa kuwa shule alizopitia zilimwandikia jina lake kabla hajaanza kuuza. Tingatinga alitegemea sahihi yake peke yake.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maisha ya Edward Saidi Tingatinga hayatenganishiki na mpangilio wa michoro yake. Mtu aliyepimiwa kazi tangu ujana wake aliutwaa ubao wa dari na rangi ya baiskeli, akavipa kipimo chake mwenyewe. Mraba ulimpa kitovu, nukta zikampa mdundo, na anga lisilo na upeo likampa kiumbe wake mahali ambapo hakuna mwingine anayemwamuru.

Utafiti zaidi unahitajika katika nyanja mbili. Kwanza, michoro halisi iliyomo mikononi mwa watu binafsi na makumbusho za Ulaya iorodheshwe na kupigwa picha, ili uchambuzi wa fani uwe na msingi imara. Pili, uchoraji wa kuta katika maeneo mbalimbali ya nchi, kuanzia Ruvuma hadi Usukuma, uchunguzwe na watafiti wanaozijua lugha za wenyeji, kabla nyumba zenyewe hazijabomoka. Kazi hiyo ikifanyika, huenda tukaacha kuuliza ni nani aliyejifunza mwenyewe, na kuanza kuuliza kila mmoja alijifunza kwa nani na kwa masharti gani.